Nasaba ya Silikanti: Jinsi Maabara Inavyotambua Samaki wa Baharini

Makala haya yamekusudiwa kueleza, kwa maneno yasiyohitaji ujuzi wa kemia, njia zitumikazo maabarani kuchunguza nasaba za samaki na viumbe wengine wa baharini. Mfano mkuu ni ule wa silikanti, samaki wa kina kirefu anayepatikana Komoro, pwani ya Tanzania na sehemu nyingine za Bahari ya Hindi. Mfano huu umechaguliwa kwa kuwa swali lililoulizwa juu yake lina matokeo makubwa. Je, silikanti wanaonaswa Tanga ni wageni waliochukuliwa na mkondo wa maji kutoka Komoro, au ni wenyeji wanaozaliana papo hapo? Kama ni wageni, wakifa watafuatwa na wengine. Kama ni wenyeji, kila mmoja anayekufa wavuni ni pengo lisiloweza kuzibwa kutoka ng'ambo. Jibu la swali hilo halikuweza kupatikana kwa kumtazama samaki. Ilikuwa lazima kusoma nasaba yake.

1. Jina, umbo na nasaba

Samaki aweza kutambuliwa kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni jina la wavuvi, ambalo hufuata mahitaji ya kazi: rangi, ladha, bei, mahali pa kuvulia na tabia. Pono, mathalani, ni jina moja lililoenea pwani yote, na Waswahili humtumia samaki huyo kwa kumfananisha mtu mwenye usingizi mzito. Lakini chini ya jina hilo wataalamu huhesabu aina nyingi mbalimbali. Changu naye ni hivyo hivyo. Jina la wavuvi si kosa. Limefanywa kwa kazi nyingine.

Njia ya pili ni umbo: idadi ya miiba ya pezi, mpangilio wa magamba, meno na mifupa. Hii ndiyo njia ya makumbusho, nayo imefanya kazi kubwa tangu karne ya 18. Hata hivyo, umbo laweza kudanganya. Pono wengi hubadili rangi wanapokua na wanapogeuka kutoka jike kuwa dume, na kwa sababu hiyo wataalamu wa zamani waliwahi kuwapa dume na jike wa samaki mmoja majina mawili ya kisayansi. Kinyume chake pia hutokea: samaki wawili wasioweza kutenganishwa kwa macho huweza kuwa na nasaba zilizoachana zamani sana.

Njia ya tatu ni nasaba yenyewe. Maabara haiulizi samaki huyu anafanana na nani, bali ni wa ukoo gani na ameachana lini na jamaa zake. Inafaa kutambua kwamba neno la Kiswahili “aina” hutumika kwa ngazi zote hizo bila kuzitenganisha. Kwa hiyo katika makala haya neno “spishi” litatumika kwa viumbe ambao wataalamu wamewahesabu kuwa wamoja katika uzazi na nasaba, na neno “kundi” kwa wale wa spishi moja wanaozaliana wao kwa wao mahali fulani, wakichangamana kidogo tu na wenzao wa mbali au wasichangamane kabisa.

2. Silikanti na swali lake

Silikanti walijulikana kwanza kwa mawe. Mwaka 1839 Louis Agassiz alieleza mabaki ya samaki wa jamii hiyo yaliyogeuka mawe, na kwa karibu miaka mia moja baadaye ilidhaniwa kwamba jamii yote ilikwisha kutoweka takriban miaka milioni 66 iliyopita. Tarehe 22 Desemba, 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya East London katika Afrika ya Kusini, aliona samaki wa ajabu miongoni mwa wale walioletwa na meli ya uvuvi. J. L. B. Smith alimtambua kuwa ni silikanti, na mwaka 1939 akampa jina la kisayansi Latimeria chalumnae. Sehemu za ndani za samaki huyo zilikuwa zimekwisha kutupwa, na Smith akangoja miaka 14 kabla ya kumpata wa pili.

Huyo wa pili alivuliwa Komoro mwezi wa Desemba 1952. Ndipo ilipodhihirika kwamba wavuvi wa visiwa hivyo walikuwa wakimjua tangu zamani, nao walikuwa na jina lake, gombessa. Kwa miaka mingi baada ya hapo wengi waliopatikana walitoka Komoro, ikaaminika kwamba huko ndiko kwao, na kwamba wachache waliopatikana katika pwani ya bara walikuwa wamepotea njia.

Imani hiyo ilitikiswa pia mwaka 2003, silikanti alipopatikana karibu na Songo Mnara, Kilwa. Muda si mrefu wakaanza kunaswa wengi zaidi kaskazini, karibu na Kigombe na Tanga, katika majarife yaliyotegwa chini sana kwa ajili ya papa. Wingi wao ulitia shaka dhana ya kupotea njia, lakini haukuwa ushahidi wa kutosha. Kwa umbo, silikanti wa Tanga ni sawa na wa Komoro.

3. Maandishi yaliyomo katika seli

Kila kiumbe ana, ndani ya seli zake, kemikali iitwayo kwa kifupi DNA, ambayo kwa Kiswahili imekuja kuitwa vinasaba. Neno hilo limejengwa vema, kwa kuwa linachochunguzwa hasa ni nasaba. Kemikali hiyo ni uzi mrefu wenye viungo vya namna nne tu: adenini, timini, guanini na sitosini. Wataalamu huviandika kwa herufi A, T, G na C. Mpangilio wa herufi hizo ndio unaobeba urithi kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto.

Msomaji aliyezoea miswada ya zamani hatapata shida kufahamu kinachofuata. Utenzi ulionakiliwa kwa mkono mara nyingi hupata makosa madogo: neno limerukwa hapa, herufi imebadilika pale. Mnakili anayefuata hulinakili kosa pamoja na maneno mengine. Ikiwa miswada mitatu ina kosa lile lile mahali pale pale, huku wa nne hauna, yumkini ile mitatu imetoka katika nakala moja. Kwa njia hii mhakiki huweza kuchora ukoo wa miswada hata kama nakala ya kwanza imepotea. Vinasaba navyo hunakiliwa kila seli inapogawanyika, na mara chache sana herufi moja hubadilika. Badiliko likitokea katika seli za uzazi, laweza kurithiwa. Samaki wanaoshiriki mabadiliko yale yale wana babu au bibi mmoja. Na kadiri tofauti zinavyozidi, ndivyo muda wa kuachana kwao ulivyo mrefu zaidi.

Sehemu kubwa ya vinasaba imo katika kiini cha seli, nusu yake ikitoka kwa baba na nusu kwa mama. Sehemu ndogo imo katika mitokondria, vijumba vinavyoipatia seli nguvu, nayo hurithiwa kwa mama. Katika silikanti sehemu hiyo ina herufi takriban 16,400 tu. Nakala zake ni nyingi katika kila seli, hupatikana kwa urahisi hata katika mnofu ulioharibika kiasi, na baadhi ya mahali pake hubadilika upesi kuliko kwingine. Kwa sababu hizo uchunguzi mwingi wa samaki ulianzia hapo.

4. Kazi ya maabara

Kabla ya kusoma vinasaba vyenyewe, wataalamu walisoma protini. Mwaka 1955 Oliver Smithies alieleza njia ya kutenganisha protini kwa kuzipitisha kwa nguvu za umeme katika jeli ya wanga. Njia hiyo ilitumika sana kulinganisha makundi ya samaki, lakini ilihitaji mnofu mbichi au uliogandishwa, nayo haikuonyesha ila sehemu ndogo ya tofauti zilizopo. Kazi ya siku hizi hufuata hatua zifuatazo.

Kwanza ni kupata kipande. Kipande kidogo cha pezi au mnofu chatosha, nacho hutiwa mara moja katika spiriti kali. Formalini, ambayo kwa miaka mingi ilitumika kuhifadhi samaki wa makumbusho, hulinda umbo lakini huharibu vinasaba. Ndiyo sababu samaki wengi wa zamani, ingawa miili yao ni mizima, ni vigumu kusomwa.

Pili ni kutoa vinasaba. Kipande huyeyushwa kwa kimeng'enya kinachovunja protini, kisha uchafu hutengwa na vinasaba kwa kemikali na kwa mashine inayozungusha vichupa kwa kasi. Kinachobaki ni maji maangavu yenye vinasaba kidogo mno.

Tatu ni kuvizidisha. Njia hii ilibuniwa na Kary Mullis mwaka 1983. Vinasaba hupashwa moto hadi nyuzijoto 95 hivi, na nyuzi mbili zilizosokotana huachana. Joto hupunguzwa, na vipande vifupi vilivyotengenezwa kwa makusudi hujishikiza mwanzo na mwisho wa sehemu inayotakiwa. Kisha joto hupandishwa hadi 72, na kimeng'enya hujenga uzi mpya kutoka vipande hivyo. Kila mzunguko sehemu hiyo huongezeka mara mbili. Baada ya mizunguko 30, uzi mmoja waweza kuwa zaidi ya milioni elfu moja. Kimeng'enya cha kawaida kingeharibiwa na joto hilo. Kilichotumika kimetoka katika bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani, ambao Thomas Brock na Hudson Freeze waliwaeleza mwaka 1969.

Nne ni kuhakikisha. Tone la maji hayo hutiwa katika jeli na kupitishiwa umeme. Vinasaba vina chaji hasi, hivyo huvutwa upande wa chanya. Vifupi huenda mbali, virefu hubaki nyuma. Kwa mstari unaoonekana katika jeli, mchunguzi hujua kama amepata kipande cha urefu aliouhitaji, au kama kazi imeharibika.

Tano ni kusoma herufi. Njia iliyotawala kwa muda mrefu ilitolewa na Frederick Sanger na wenzake mwaka 1977. Uzi mpya hujengwa kwa viungo vya kawaida vilivyochanganywa na vichache vyenye kilema, ambavyo vikiingia hukatiza ujenzi. Hupatikana vipande vya kila urefu, kila kimoja kikiishia kwa herufi inayojulikana; vikipangwa kwa urefu, maandishi husomeka. Mashine za siku hizi husoma mamilioni ya vipande kwa mara moja, lakini nia ni ile ile.

Mwisho ni kulinganisha. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, walipendekeza kwamba kipande kimoja cha mitokondria, chenye herufi 650 hivi, kitumike kuwa alama ya kutambulisha wanyama wote. Tangu hapo mapezi ya papa yaliyokaushwa, minofu iliyokatwa na mabuu wasio na umbo la wazazi wao wameweza kutajwa spishi zao. Kwa kuuliza ni nani mzazi wa nani, hutumika alama nyingine za kiini cha seli, yaani mahali ambapo herufi chache hurudiwarudiwa, na idadi ya marudio hutofautiana baina ya samaki mmoja na mwingine. Kwa alama hizo uchunguzi wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watoto waliokutwa matumboni mwa silikanti majike wawili, mmoja wa Msumbiji na mmoja wa Tanzania, kila tumbo walikuwa wa baba mmoja.

5. Mambo yaliyoonekana

Mwaka 1997 silikanti alionekana sokoni Manado, kisiwani Sulawesi, Indonesia, takriban kilomita 10,000 kutoka Komoro, na mwaka uliofuata akapatikana mwingine wa kuchunguzwa. Alifanana mno na jamaa yake wa Afrika, isipokuwa rangi yake ilikuwa ya kahawia badala ya buluu. Maandishi ya mitokondria yalitofautiana kwa asilimia 3 hadi 4 hivi, na mwaka 1999 akapewa jina lake mwenyewe, Latimeria menadoensis. Kuhusu muda wa kuachana kwao, kadirio moja la mwaka 1999 lilitaja miaka milioni 5 au 6 hivi, na jingine la mwaka 2005 likataja kati ya milioni 30 na 40. Tofauti kubwa hiyo haikutokana na usomaji mbaya wa herufi. Ilitokana na kasi ya mabadiliko iliyochukuliwa kuwa kipimo.

Swali la Tanga lilipata jibu mwaka 2011. Wataalamu wa Japani, wakishirikiana na wa Tanzania, walisoma mitokondria nzima ya silikanti zaidi ya 20 kutoka Tanzania na kuwalinganisha na wa Komoro. Ilionekana kwamba wa kusini mwa Tanzania wako karibu na wa Komoro, lakini wa kaskazini, yaani wa upande wa Tanga, wana alama zao wenyewe. Kuachana kwao kulikadiriwa kuwa si chini ya miaka 200,000. Samaki anayechukuliwa na mkondo kila mara hawezi kuwa na nasaba iliyojitenga namna hiyo. Silikanti hai walikuwa wamekwisha kuonekana pia kwa chombo kinachoongozwa kutoka juu ya maji. Uchunguzi wa mwaka 2012, uliotumia pia alama za kiini cha seli, nao ulionyesha kwamba silikanti wa Afrika ya Mashariki wamegawanyika katika makundi.

Mwaka 2013 yalitangazwa maandishi karibu yote ya vinasaba vya silikanti, herufi zipatazo milioni elfu mbili na mia nane. Yalionyesha kwamba sehemu zinazotengeneza protini hubadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu, na kwamba aliye karibu zaidi na wanyama wa miguu minne, miongoni mwa samaki walio hai, ni kambaremamba na jamaa zake wenye mapafu, wala si silikanti kama ilivyowahi kudhaniwa.

6. Mipaka ya ushahidi

Ushahidi wa maabara una mipaka yake, na asiyeifahamu huweza kuupa uzito usio wake. Kwanza, mitokondria husimulia habari za upande wa mama tu. Jodari wa Pasifiki wa jamii ya mapezi ya buluu ana mitokondria inayofanana na ya jodari mweupe, ingawa vinasaba vya kiini humweka karibu na jodari wenzake wa Atlantiki. Sababu inayotolewa ni kwamba spishi hizo ziliwahi kuchanganyika zamani. Aliyesoma mitokondria peke yake angekosea ukoo.

Pili, maandishi yasiyo na jina hayana faida. Herufi 650 za mnofu usiojulikana hulinganishwa na za samaki aliyekwisha kutajwa. Ikiwa huyo wa kwanza alitajwa vibaya, kosa huenea kwa kila atakayelinganishwa naye. Kwa hiyo mtaalamu wa umbo hakuondolewa kazini, maabara humtegemea.

Tatu, kuna njia mpya ya kuchuja maji ya bahari na kusoma vinasaba vilivyoachwa humo na ute, magamba na kinyesi. Mwaka 2012 wachunguzi wa Denmark walionyesha kwamba samaki wengi wa baharini huweza kutambuliwa hivyo bila kuvuliwa hata mmoja, na mwaka 2015 wataalamu wa Japani walitoa vipande vya kuanzishia vinavyofaa samaki wa jamii nyingi. Njia hii yafaa kwa viumbe wa nadra. Walakini maji hayasemi samaki ni wangapi, wana umri gani, au kama walikuwa hapo hasa au vinasaba vyao vililetwa na mkondo.

7. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba maabara hupima umbali wa nasaba, lakini haitoi jina. Tofauti ya silikanti wa Indonesia ilihesabiwa kuwa kubwa ya kutosha kupata jina la spishi. Tofauti ya wa Tanga haikuhesabiwa hivyo, na hadi leo wao ni Latimeria chalumnae kama jamaa zao wa Komoro. Mpaka baina ya spishi na kundi huamuliwa na watu, kwa hoja, baada ya kupima.

Hapa ndipo uangalifu wa lugha unapohitajika. Ikiwa katika Kiswahili itasemwa tu kwamba silikanti wa Tanga na wa Komoro ni “aina moja”, msikilizaji ataelewa kwamba walioko Komoro waweza kujaza nafasi ya walioko Tanga. Maana hiyo ni uongo, ingawa maneno yenyewe ni kweli. Inapasa kusemwa kwamba ni spishi moja, makundi mbalimbali. Tanzania ilitangaza mwaka 2009 hifadhi ya bahari kwa ajili ya silikanti katika pwani ya Tanga, kabla ya maandishi ya mwaka 2011 kutolewa, na maandishi hayo yameipa hifadhi hiyo sababu iliyo imara zaidi. Uchunguzi wa magamba uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kwamba silikanti huweza kuishi karibu miaka 100, kwamba jike hachukui mimba kabla ya umri wa miaka 50 na zaidi, na kwamba mimba yake hukaa miaka 5 hivi. Kundi lenye uzazi wa taratibu namna hiyo, lisilopokea wageni kutoka kwingine, haliwezi kustahimili jarife kwa muda mrefu. Jambo hilo lahitaji kuelezwa barabara kwa mvuvi wa Kigombe na kwa mtunga sheria, kila mmoja kwa maneno anayoyaelewa, na kazi ya kuyapata maneno hayo ni ya wataalamu wa lugha kama ilivyo ya wataalamu wa samaki.